Chupa Waliyokataa Kuionja

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, Memsahib Pennick alikagua kwota za nyuma, vyumba vya watumishi wake. Alikuja na kitambaa puani, akainua godoro kwa ncha ya mwavuli, akachungulia masufuria, akauliza kama kuna mgeni aliyelala humo bila ruhusa. Mwaka ule wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari, Nairobi nzima ilikuwa ya kukaguliwa. Askari walikagua mifuko njiani, makarani walikagua vitambulisho, na mtu akirudi chumbani kwake anamkuta memsahib anakagua kitanda. Milcah alikuwa amejifunza kusimama nje ya mlango, mikono nyuma, akitazama ua wa michongoma mpaka ukaguzi uishe.

Jumatatu hiyo mwavuli uligonga kitu kigumu uvunguni. Memsahib aliinama mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka sita, akavuta karai la maji, na ndani ya karai mlikuwa na chupa. Ilikuwa chupa ya mvinyo mweupe wa Bwana, karatasi yake ya dhahabu imekaa sawasawa, na nusu yake imejaa maji yenye umanjano kidogo. Alimwita Zadock, mpishi wake na mume wa Milcah, mara moja tu, kwa sauti ya chini, na Milcah akajua kwamba mambo yameharibika.

Ni vizuri ijulikane sasa hivi kilichokuwamo katika chupa ile, kwa sababu watu ambao wangekijua kwa kuonja tone moja walikataa katakata kukijua. Ilikuwa ndimu. Ndimu, maji yaliyochemshwa na kupozwa, chumvi ya ncha ya kisu, na tofaa bichi la Limuru lililoparuzwa na kuchujwa kwa kitambaa safi. Hamkuwa na mvinyo humo hata wa kulowesha kidole. Zadock na mkewe walikuwa hawajaonja pombe ya aina yoyote tangu kuzaliwa. Kanisa lao, tangu kwao Maragoli, lilikuwa na neno moja tu juu ya pombe, nalo lilikuwa hapana. Serikali nayo, kwa sababu zake nyingine kabisa, ilimwachia Mwafrika bia na kumnyima mvinyo.

Lakini kazi ya Zadock ilikuwa mvinyo. Bwana Pennick aliuza mvinyo kwa hoteli na vilabu vya mjini, na aliuuza kama alivyouza misumari na rangi kabla yake, bila kujua unataka kunywewa na chakula gani. Kila shehena mpya ilipofika aliileta nyumbani, akamwambia mpishi wake atafute chakula kinachoupendeza, ili wanunuzi wakialikwa wale, wanywe, waagize. Alidhani mpishi huyo anaotea tu. Zadock hakuotea. Alinusa kizibo, akanusa glasi zilizorudishwa, akatazama jinsi mvinyo unavyoshuka ukutani mwa glasi. Kisha alikwenda kwota, akakamua na kuparuza na kuchanganya mpaka pua yake ikamwambia ndio huu. Hapo kazi ilikuwa ya Milcah, maana ulimi wa mpishi aliyeonja michuzi mchana kutwa umechoka. Milcah alitafuna tonge la chakula, akanywa funda la ndimu ile, akafumba macho. Kisha alisema neno moja kati ya mawili: imekubali, au imekataa.

Chaza wa Mombasa walikubali mara ya kwanza. Ngege, samaki wa ziwani, aliyekaangwa kwa siagi alikubali, kuku wa limau alikubali, na jibini la mbuzi, ambalo Milcah alikuwa akilionea kinyaa, lilikubali mpaka akaomba kipande kingine. Nyama ya ng'ombe ya kuchoma ilikataa, ikaacha ladha ya chuma mdomoni. Pilipili ilikataa. Keki ilikataa kabisa, ikaigeuza ndimu kuwa siki. Kila mchanganyiko uliwekwa katika chupa tupu ya mvinyo wake, iliyosuguliwa kwa mchanga na maji ya moto, ili karatasi iwaonyeshe huu ni wa shehena ipi. Ilikuwa akili nzuri. Haikuwajia hata siku moja kwamba chupa yenye karatasi ile itasomwa vingine na mtu mwingine. Kwa mtu asiyekunywa, chupa ni chombo tu, kama debe.

"Hii nini?" memsahib aliuliza.

"Ndimu, memsahib," alisema Zadock. Unga ulikuwa bado mikononi mwake.

Bwana alikuwa hajaondoka kwenda ofisini. Aliitwa, akaja na gazeti kwapani, akaitazama chupa, akamtazama Zadock. "Wewe nakunywa mvinyo yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. Zadock alieleza yote, polepole, tangu kunusa kizibo hadi kitambaa cha kuchujia. Bwana alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati. Zadock akamwomba jambo moja dogo: Bwana anuse, au aonje, halafu aseme mwenyewe.

Bwana aliishika chupa kwa vidole viwili, akatazama mdomo wake, akairudisha chini. Alisema hawezi kuweka pua yake mahali ambapo midomo ya boi imekuwa. Memsahib alisema hata asijaribu, kuna magonjwa.

Milcah alishindwa kuvumilia. Aliingia, akaichukua chupa mbele yao, akainywa mafunda matatu makubwa bila kukunja uso, akajifuta mdomo kwa mkono ili waone kwamba hakuna kilichomfanya ayumbe. Alitaka kuwaonyesha kwamba ni kitu cha kunywa mtu akiwa na kiu. Memsahib alimgeukia mumewe akasema jambo kwa Kizungu, na Milcah, aliyekuwa amefua nguo zao miaka sita huku akiwasikiliza, alilielewa vizuri. Alikuwa amesema kwamba hata mke anakunywa, tena mchana kweupe, tena bila haya.

Bwana alichukua chupa kwa gazeti ili isimguse, akaifungia stoo kama ushahidi. Alisema ataamua kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mchana anakuja Bwana Keller, Mswisi mwenye hoteli ya mjini, na chakula ni lazima kiwe cha kumfanya aagize mvinyo wa mwaka mzima.

* * *

Habari za wapishi hupita juu ya ua upesi kuliko za redio. Jumatano jioni Mzee Tobias alikuja kwa miguu kutoka Kibera, kofia mkononi. Alikuwa seremala wa reli na mzee wa kanisa lao hapa mjini, mtu wa huruma, aliyewahi kukesha siku tatu na Milcah alipompoteza mtoto wake wa pili. Alikaa kwenye kigoda, akauliza habari za nyumbani, akauliza masomo ya mtoto wao Nanyama. Nanyama alikuwa darasa la nne, na Desemba angefanya mtihani ule unaoamua nani anaendelea na nani anarudi kuchunga. Alipomaliza kuuliza hayo, Mzee Tobias alikohoa.

"Ndugu Zadock, kuna neno limefika kanisani."

Zadock alimweleza. Milcah hakungoja amalize. Alikuwa na kikombe cha ndimu ile ile ya Jumatatu, iliyobaki kwenye sufuria bila kutiwa chupani, akakitoa chini ya kisahani, akakiweka mbele ya mzee kwa mikono miwili kama anavyowekewa mgeni chai.

"Mzee, onja. Ni funda moja tu, na maneno yataisha leo hii."

Mzee Tobias alikitazama kikombe. Alikiinua kidogo, akakirudisha.

"Mama Nanyama, elewa shida yangu," alisema. "Kama ni ndimu, sawa. Lakini nikionja na ikawa ni kile kitu, nitakuwa nimekunywa. Mimi mzee wa kanisa. Nitasimamaje tena mbele ya watu?"

"Si nakuambia ni ndimu?"

"Unaniambia, ndiyo."

Milcah alimwambia anuse basi. Mzee alisema hajui mvinyo unanukaje, na hataki kujua. Alisema kwa upole wa kweli kwamba iko njia. Barua ya Bwana ikisema Zadock hakunywa, kanisa litafurahi. Ikisema alikunywa, basi aungame, akae benchi la nyuma miezi sita bila kufundisha wanaojiandaa kwa ubatizo, na baadaye mambo yatasahaulika. Milcah alijiuliza tangu lini mdomo wa Pennick, ambaye hajaingia kanisani tangu Krismasi, ukawa ndio ufunguo wa kanisa lao. Hakulisema, kwa heshima ya mgeni. Alikinywa kikombe kile mwenyewe baada ya mzee kuondoka, na kilikuwa kimepoteza ladha yote.

Usiku ule Zadock alihesabu, na haikuwa hesabu ya pesa. Akifukuzwa na barua mbaya, hatapata Mzungu mwingine. Bila mwajiri hana chumba, na asiye na mwajiri wala chumba mwaka ule alikamatwa na kupandishwa treni ya Kisumu asubuhi yake, yeye na watoto wake. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na moja kabla ya mtihani wa Nanyama. Hesabu ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomtia Milcah hasira zaidi.

* * *

Ijumaa Bwana alimwita Zadock ofisini mjini, Barabara ya Delamere, ghorofa ya pili. Milcah alifuatana naye kwa kisingizio cha kununua bizari sokoni, lakini ukweli ni kwamba hakutaka mumewe awe peke yake na karatasi. Walikalishwa kwenye benchi la ukumbini, lile la matarishi. Kando ya benchi palikuwa na marundo ya vijitabu vipya vilivyofungwa kamba, vikinuka wino, na juu ya kila kimoja picha ya sahani ya samaki na glasi.

Zadock alichomoa kimoja. Alikuwa amesoma misheni na Kiingereza kilimtosha. Alianza kumsomea Milcah kwa sauti ya chini, akitafsiri. Chaza, na ndimu kidogo tu juu yake, maana ukali umo tayari katika glasi. Samaki wa ziwani kwa siagi, asiwekwe pilipili. Kuku wa limau. Jibini la mbuzi, ambalo usipolipenda peke yake utalipenda hapa.

"Soma hapo tena," alisema Milcah.

Alisoma tena. Akaendelea: nyama ya kuchoma inaukataa mvinyo huu na kuacha ladha ya chuma mdomoni.

"Hayo ni maneno yangu. Chuma nilisema mimi, kwenye kigoda changu, na mfupa mkononi. Nani amemwambia?"

"Mimi nilimwambia memsahib. Aliuliza kwa nini sipiki nyama, nikamweleza kama ulivyosema."

"Na jina gani limeandikwa hapo juu?"

Zadock alimgeuzia kijitabu. Hakukuwa na haja ya kusoma. Jina la memsahib lilikuwa kubwa kuliko samaki. Milcah alisema basi waingie na kijitabu hiki, wakiweke mezani, waseme haya tuliyajua sisi. Zadock alimtazama kwa huzuni. Alimwuliza wataulizwa nini baada ya hapo. Wataulizwa wameyajuaje. Wakisema kwa ndimu, watachekwa. Wakisema kwa mvinyo, watafungwa. Milcah aliligeuza jambo hilo kila upande, akatafuta mlango, akakosa. Watu hawa walikuwa wamechukua kazi ya ulimi wake, kisha wakamfunga kwa ulimi huo huo.

Ndani, Bwana alikuwa mchangamfu. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa tayari. Ilisema kwamba mimi, Zadock, nilichukua mvinyo wa mwajiri wangu bila ruhusa nikaunywa, nami ninatubu. Bwana alieleza kwamba haitakwenda kokote. Italala kwenye droo yake. Zadock akiwa mtu mzuri, italala milele, na kazi ni yake na chumba ni chake. Akileta matata, akitaka nyongeza, akitaka kwenda kwa Mzungu mwingine, basi karatasi itaamka iende polisi. Alisema hayo kama mtu anayetoa zawadi, na huenda mwenyewe aliamini hivyo.

Milcah alikuwa amesimama mlangoni. "Baba Nanyama, usiandike."

"Wiki kumi na moja," alisema Zadock bila kugeuka, akatia sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa misheni, na Bwana akausifu.

Walitembea kwa miguu hadi walipoipita mitaa ya maduka na kuifuata Barabara ya Ngong. Milcah alikuwa amesahau bizari.

* * *

Jumamosi chaza walifika na treni ya asubuhi, ndani ya gunia lenye barafu na vumbi la mbao. Zadock aliwafungua mmoja mmoja, ngege wakasafishwa, siagi ikayeyushwa bila kuungua, na meza ikaandaliwa barazani kukabili bustani. Milcah aliitwa kuosha vyombo. Kutoka karo la jikoni, dirisha likiwa wazi, aliona meza yote na kusikia kila neno.

Walikuwa watano: Bwana na memsahib, mtu mmoja wa benki na mkewe, na huyo Bwana Keller, mzee mwembamba mwenye mvi, aliyekuwa na hoteli Mombasa kabla ya kuja Nairobi. Chaza waliliwa kimya, kimya kile cha watu wanaofurahi. Mke wa mtu wa benki alimsifu memsahib kwa kijitabu chake, akamwuliza ameyapata wapi mawazo kama yale. Memsahib alisema ni jambo la kuzaliwa nalo. Milcah aliisugua sahani ile ile kwa muda mrefu.

Zadock, kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, akaleta chupa ya pili. Aliizibua pembeni, akapitisha kizibo puani kama kawaida yake, akasimama. Alikinusa tena. Alikwenda kwa Bwana, akainama, akamnong'oneza kwamba chupa hii imeharibika, kizibo chake kina ukungu, akaomba alete nyingine.

Bwana alikuwa ameshakunywa glasi nne. Alicheka, akagonga meza, akawaambia wageni kwamba wana bahati leo, maana mpishi wake ni bingwa wa mvinyo. Akawasimulia habari ya chupa ya uvunguni, na karatasi ya kuungama, na mke aliyeinywa mbele yao mafunda matatu. Wageni walicheka. Mke wa mtu wa benki alicheka mpaka akatoa kitambaa. Bwana aliwajazia glasi zote kwa chupa ile ile, akaonja, akasema ni safi kabisa. Mtu wa benki alisema ni safi sana. Kisha Bwana alijaza glasi moja zaidi akamsukumia Zadock, ikimwagika kidogo juu ya kitambaa cha meza.

"Kunywa," alisema. "Wewe fundi. Kunywa, sema hii mvinyo nataka samaki gani."

Zadock alisimama wima, mikono ubavuni.

"Sinywi, Bwana."

"Wewe kwisha andika. Mimi iko na karatasi. Leo mimi natoa ruhusa. Kunywa."

Milcah alikuwa ameacha maji yakimwagika. Alijua hesabu, yote, hadi wiki ya mwisho. Kwa kitambo kidogo, na hili alilikumbuka kwa aibu miaka mingi, alitamani mumewe anywe tu, funda moja, yaishe.

"Niliandika kwamba nilikunywa," alisema Zadock. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuuliza kama chai iletwe. "Sikuandika kwamba nitakunywa."

Aliichukua glasi, akaiweka juu ya trei pamoja na vyombo vichafu, akairudisha jikoni ikiwa imejaa. Milcah aliyekuwa akitazama meza alimwona Bwana Keller ameinua glasi yake hadi puani, akasita, akaishusha. Mzee yule alitazama kizibo kilichoachwa kando ya sahani, akakichukua, akakinusa, akakirudisha mahali pake taratibu. Alijua. Milcah aliona kabisa kwamba alijua. Alingoja aseme. Bwana Keller aliinua glasi tena, akanywa, akaomba apitishiwe mkate.

Kabla ya saa kumi barua ilikuwa tayari. Mpishi mzuri, ilisema, hodari kwa samaki. Ameachishwa kazi kwa sababu ya ulevi. Ile karatasi ya droo haikupelekwa polisi, kwa kuwa memsahib hakutaka buti za askari kwenye zulia lake. Chumba kiwe wazi Jumatatu saa mbili asubuhi.

* * *

Jumatatu Mzee Tobias alikuja na mkokoteni aliouazima. Alikuwa amesema familia italala kwenye baraza lake Kibera kwa siku hizo mpaka watakapojua la kufanya. Huo ulikuwa wema, na Milcah aliushukuru kwa moyo wote, ingawa jana yake, Jumapili, mzee huyo huyo alikuwa ametangaza kanisani, kwa sauti ya kusikitika, kwamba ndugu Zadock ameketi benchi la nyuma. Barua ilikuwa imesema. Alikuwa amengoja barua, na barua ikasema.

Walikuwa wamefunga godoro, na Nanyama amekaa juu yake na daftari zake kifuani, gari lilipoingia kwenye kichochoro cha nyuma. Bwana Keller aliteremka, akavua kofia. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kizuri kuliko cha wote waliokuwapo. Alimsalimu Mzee Tobias kwanza kwa sababu ya umri, kisha akamwambia Zadock kwamba anahitaji mtu jikoni kwake anayejua samaki, na anayejua mvinyo ulioharibika kabla haujafika mezani. Kuna chumba nyuma ya hoteli. Aanze kesho. Barua haihitajiki.

Zadock alifumba macho, na Milcah akaona mabega yake yakishuka. Mtihani wa Desemba ulikuwa umerudi. Hata hivyo Milcah hakuweza kunyamaza, na hakujaribu.

"Kwa hiyo ulijua umeharibika," alisema.

"Nilijua, mama. Ulinuka kama gunia lililolowa."

"Na ukaunywa."

Bwana Keller alizungusha kofia yake mikononi. "Nilikuwa mgeni. Niliunywa, ndiyo."

"Wewe una hoteli nzima, na hukuweza kukataa glasi moja. Huyu alikuwa na godoro hili na masufuria haya, na mtoto yule." Alimpa barua. "Isome. Imeandikwa nini hapo mwisho?"

Aliisoma. Alisema imeandikwa ulevi. Milcah akamwuliza kama ni kweli. Alisema si kweli, hakunywa hata tone, yeye mwenyewe alimwona akiirudisha glasi jikoni imejaa, na mtu mwenye pua kama ile hawezi kuwa mlevi, pombe ingekuwa imeshaiua. Milcah akamwambia basi ayaandike hayo chini ya barua na kutia sahihi. Bwana Keller alitazama nyumba kubwa ng'ambo ya ua. Alisema kwa aibu ya kweli kwamba hawezi. Pennick ni mtu anayefanya naye biashara. Kusema hapa atasema, lakini kuandika, hapana. Alirudisha barua, akamkumbusha Zadock saa ya kufika, akaondoka.

Mzee Tobias alikuwa ameshika mpini wa mkokoteni wakati huo wote. Sasa aliuachia. Uso wake ulikuwa umejaa furaha, furaha safi isiyo na hila ndani yake, akamshika Zadock mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa na kuutikisa.

"Ndugu yangu, Mungu ni mkubwa," alisema. "Jumapili nitasimama mwenyewe. Nitawaambia watu wote kwamba hukunywa. Nimesikia kwa masikio yangu."

Zadock alikuwa akilia kidogo, akicheka. Miezi sita ya benchi la nyuma ilikuwa imeondoka kwa dakika moja. Nanyama aliruka kutoka juu ya godoro akamkumbatia baba yake.

"Mzee," alisema Milcah, "mimi nilikuambia hivyo hivyo Jumatano."

"Ndiyo, mama, ulisema. Lakini huyu amethibitisha."

Hakuelewa kwa nini Milcah anamtazama vile. Aliinama, akashika mpini, akaomba wasukume kabla jua halijawa kali. Zadock alikwenda upande wa pili, Nanyama nyuma, na mkokoteni ukaanza kutoka kwenye kichochoro. Milcah alibaki amesimama na karai kichwani. Mzungu yule hakuleta chupa, hakuleta karatasi, hakuonja kitu. Alisema tu kwamba Zadock hakunywa, na Milcah mwenyewe alikuwa ameyasema maneno hayo kwanza, kwa Kiswahili hicho hicho, akiwa na kikombe mikononi.